Ndovu wa Shimba na bili ya maji ya Mombasa

Muhogo unaokaangwa jioni pale Mama Ngina, hatua chache kutoka Feri, haukuota kisiwani. Sehemu yake huvuka kutoka Kwale pamoja na machungwa, maembe, nazi na madafu, juu ya mikokoteni na ndani ya matatu, katikati ya umati ambao kwa siku moja hukadiriwa kufika watu laki tatu. Mnunuzi hutiliwa pilipili na ndimu, hulipa, hutafuna huku akitazama meli zikiingia Kilindini. Katika bei ile mna mafuta ya kukaangia, nauli, ujira wa hamali na ushuru wa kaunti. Hamna hata senti ya kijana aliyekesha juu ya dungu kule Lukore au Mangawani, tochi mkononi na debe miguuni, akimngojea ndovu.

Sisi wa kisiwani tumezoea kumzungumzia ndovu kama mnyama wa mbali, wa Mara na Amboseli, wa kutazamwa kwenye televisheni. Kumbe Shimba Hills iko kilomita thelathini na kitu tu ukishashuka feri Likoni. Ni karibu kuliko Kilifi. Mtu akiuawa na ndovu upande wa Kinango, gazeti humpa aya mbili, redio hutaja jina la kijiji, kisha tunarudi kwenye habari za feri iliyokufa injini katikati ya mkondo.

Hoja yangu leo ni ya pesa, na sioni haya kuisema hivyo. Mombasa inakula na kunywa kutoka nchi ya ndovu, na wanaolala jirani na ndovu hao ndio wanaolipwa mwisho, tena kwa kubembeleza. Mfumo wetu wa kumngoja mkulima apate hasara ndipo tumfidie umeshindwa, na utaendelea kushindwa hata tukiuongezea mabilioni. Alipwe kabla. Na sehemu ya malipo hayo itoke kwenye mifereji yetu.

Tuitazame nchi yenyewe kwanza. Hifadhi ya Shimba Hills ilitangazwa mwaka 1968. Ni msitu wa pwani juu ya vilima, na nyika za majani katikati yake, na ndiko pekee nchini Kenya anakopatikana palahala, yule swala mkubwa mweusi mwenye pembe zilizopinda kuelekea mgongoni. Pembeni mwake ni mashamba: ya Wadigo na Waduruma walio wenyeji, na ya Wakamba ambao wengi wao walifika kupitia mpango wa makazi ulioanzishwa na serikali ya kikoloni miaka ya 1950. Ni watu wa dini na desturi mbalimbali, lakini usiku wote huamshwa na sauti moja, ya mgomba unaovunjwa gizani.

Ndovu mzima hula kilo 150 hivi za majani, magome na matunda kwa siku. Msituni chakula hicho hukikusanya kidogo kidogo, akitembea mchana na usiku. Shambani anakuta mahindi yamepangwa mistari, yamekomaa kwa pamoja, na hayana miiba. Madume ndio wavamizi wakubwa, nao huja usiku. Mnazi hungojwa miaka mitano au sita kabla haujazaa. Ndovu huung'oa ukiwa mchanga kwa mvuto mmoja wa mkonga, akala moyo wake, akaenda zake.

Halafu ipo hasara isiyojazwa kwenye fomu yoyote. Usingizi, kwa mfano. Watoto hawaruhusiwi kutoka nyumbani mpaka jua lipande kwa sababu kundi halijarudi msituni, wakafika shule somo la kwanza limekwisha. Kina mama wa kuteka maji hungoja vivyo hivyo. Na baba ambaye kwa kawaida angevuka feri kutafuta kibarua bandarini au kwenye mijengo ya Nyali hawezi kuondoka mahindi yanapokomaa, kwa kuwa shamba lisilo na mtu usiku ni shamba lililokwisha. Ndiyo maana huko watu wakimtaja ndovu humwita mnyama wa serikali. Wanamsema kama anavyosemwa ng'ombe wa jirani mwenye kiburi.

Na serikali imemwekea mnyama wake sheria. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, ilipandisha fidia hadi shilingi milioni 5 kwa aliyeuawa, milioni 3 kwa aliyebaki na ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Kabla yake roho ya mtu ilikuwa shilingi 200,000, na fidia ya mazao ilikuwa imefutwa tangu 1989. Ilikuwa sheria ya ukarimu mkubwa, ila ilisahau kuuliza pesa zitatoka mfuko gani. Madai yakaanza kulimbikizana, na yamefika mabilioni ya shilingi.

Jedwali la sheria hiyo linastahili kusomwa na kila mtu wa Pwani. Kwa vifo na majeraha, sheria ilipopitishwa, liliwataja papa, nyangumi, taa, na hata yule samaki wa sumu anayejificha chini kama jiwe. Nyani na tumbili hawakuwamo. Mkulima yeyote wa Kwale atakwambia kuwa ndovu ni mgeni wa msimu, lakini nyani ni mwizi wa kila siku. Aliyeliandika jedwali hilo, nadhani, hakuwahi kulinda mahindi.

Njia ya dai lenyewe ni hii. Mkulima hupiga ripoti kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Afisa huja, akipata gari. Afisa wa kilimo hupima kilichoharibiwa. Fomu hujazwa, kamati ya kaunti hukaa, faili hupanda Nairobi, hupitiwa upya wizarani, hungoja bajeti. Kwa mwenye msiba huongezeka cheti cha kifo, ripoti ya daktari, barua ya chifu, na mara nyingine ugomvi wa ndugu juu ya nani apokee. Miaka hupita. Mahindi ya masika yakilipwa miaka kadhaa baadaye, mtoto aliyefukuzwa kwa karo alishaacha shule na kwenda kuendesha bodaboda.

Lakini kuchelewa si ubaya mkubwa kuliko wote. Hata ikilipwa kwa wakati, fidia humlipa aliyeshindwa. Aliyekesha miezi miwili, akapiga debe, akawasha moto, akaokoa shamba lake bila kumdhuru ndovu, hapati kitu, kwa sababu hana hasara ya kuonyesha. Kazi aliyoifanya ndiyo hasa taifa linayoitaka, yaani mtu na mnyama wapitane usiku wote wakiwa hai, na kazi hiyo haina mshahara. Mfumo unamtambua siku anayoshindwa tu.

Kwa miongo mitatu serikali imejaribu kumrekebisha ndovu badala ya kumlipa jirani yake. Ukajengwa ua wa umeme. Ua husaidia, sibishi, na wanaoishi nyuma ya sehemu zilizo nzima watakuwa wa kwanza kuutetea. Lakini ndovu alijifunza upesi kwamba pembe yake haipitishi umeme. Huinua waya kwa pembe akaukata, au huusukumia mti. Nyasi zikiota na kuugusa, nguvu hupungua. Ua huhitaji watu wa kuufyekea na kuukagua kila wiki, na kila mara bajeti inapokatwa, hao ndio hukatwa kwanza.

Mwaka 2005 likaja wazo la kuwahamisha. KWS ilipanga kuwatoa ndovu 400 Shimba Hills kuwapeleka Tsavo Mashariki, umbali wa kilomita 160 hivi, na ikafanikiwa kuwahamisha wapatao 150. Ilikuwa kazi kubwa, yenye helikopta, madaktari wa mifugo na malori mazito, na picha zake zilizunguka dunia. Watafiti waliowafuata baadaye Tsavo waliwakuta wageni hao na afya duni kuliko ndovu wenyeji wa kule. Huku nyuma waliobaki waliendelea kuzaa, na njia za kwenda mashambani hazikusahauliwa. Wala Tsavo si shimo lisilojaa. Kenya ilikuwa na ndovu 16,000 hivi mwaka 1989, baada ya ujangili wa kutisha. Hesabu ya taifa ya 2021 iliwapata 36,280. Hilo ni jambo la kujivunia. Ni jambo pia lenye maana yake kwa mtu wa Kinango, ambaye katika muda huo huo idadi ya watu kijijini kwake imeongezeka na mashamba yamesogea hadi kwenye mapito ya zamani.

Kwale yenyewe, hata hivyo, iliwahi kujaribu jambo la akili zaidi, na ndilo linalonifanya niandike. Kaskazini ya hifadhi upo msitu wa Mwaluganje, na kati yake na Shimba Hills palikuwa na mashamba ya watu yaliyokaa juu ya mapito ya ndovu. Kulima pale kulikuwa kumegeuka kupanda kwa ajili ya ndovu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wenye ardhi, wengi wao Waduruma na Wadigo, walikubaliana kuunganisha mashamba yao yakawa hifadhi ya jamii, kila mmoja akihesabiwa hisa kwa ukubwa wa ardhi aliyoitoa. Hifadhi ya Ndovu ya Mwaluganje ilifunguliwa mwaka 1995. Wageni wakalipa kiingilio, na wenye hisa wakagawiwa. Kinyesi cha ndovu kikatengenezewa karatasi zilizouzwa kwa watalii, jambo lililowafurahisha sana waandishi wa habari na kuwaingizia wenyeji kiasi kidogo.

Tazama kilichobadilika. Mkulima wa Mwaluganje hakungoja ndovu amharibie ndipo adai. Alikuwa amekodisha ardhi yake, na mpangaji alikuwa na mkonga. Ndovu akionekana mchana kwenye shamba lililokuwa la mahindi, ni habari njema. Sijui hati yoyote ya sera iliyowahi kulieleza jambo hili vizuri kuliko wazee wale walivyolitenda.

Tatizo lilikuwa chanzo cha pesa. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, hifadhi ikiwa haijatimiza miaka miwili, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni na kile cha Feri, na machafuko yaliyokuja kuitwa ya Kaya Bombo yakaenea kusini mwa Pwani. Watu wakauawa, maelfu wakakimbia, na hoteli za Diani zikabaki na vitanda vitupu. Mwaka uliofuata ubalozi wa Marekani ukalipuliwa Nairobi. Likaja shambulio la hoteli ya Kikambala 2002, ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, maonyo ya kusafiri ya miaka ya 2013 na 2014, kisha korona. Kila wageni walipokauka, hisa za Mwaluganje zilikauka nazo, lakini ndovu hakupunguza chakula chake hata kilo moja. Wenye hisa waliokata tamaa na kutamani mahindi yao siwalaumu. Waliambiwa wamekodisha ardhi, kumbe kodi yao ilitegemea bahati ya mji mwingine.

Hapo ndipo wengine husema dawa ni bunduki. Turudishe uwindaji wa leseni, wanasema, kama Tanzania. Mgeni mmoja mwenye bunduki hulipa zaidi ya mabasi kumi ya watalii wenye kamera. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwezi Mei 1977, na kila baada ya miaka michache mtu huamka na kutaka ufunguliwe. Hoja hiyo siidharau. Lakini nchini Tanzania, hata baada ya vijiji kupewa maeneo yao ya hifadhi ya jamii, fedha za vitalu vya uwindaji zimekuwa zikipita kwanza mikononi mwa serikali kuu kabla ya kufika kijijini, na mwanakijiji akabaki akingoja kama tu anavyongoja wa Kwale. Shimba Hills nayo ni ndogo mno, imezungukwa na nyumba. Siioni kampuni itakayompeleka mteja kuwinda mahali ambapo risasi iliyokosa inaweza kumpata mtu kisimani.

Tena sisi tuna historia yetu ya uwindaji, na haipendezi kuisimulia. Wawaata, ambao wengine waliwaita Waliangulu, walikuwa wawindaji wa ndovu wa nyika yote ya nyuma ya Pwani, kwa upinde mzito ambao watu wengi wasingeweza hata kuuvuta na mshale wa sumu. Pembe walizozitoa ziliteremka hadi bandarini. Biashara hiyo ni ya kale kuliko Mji wa Kale wenyewe: al-Masudi, katika karne ya kumi, aliandika kwamba pembe za nchi ya Zanji zilipelekwa Oman, na kutoka huko zikaenda India na Uchina. Wapo waliojenga nyumba za ghorofa kisiwani kwa pembe hizo. Tsavo ilipofanywa hifadhi mwaka 1948, mwindaji akageuka jangili siku moja. Katikati ya miaka ya 1950 wasimamizi wa Tsavo, David Sheldrick na Bill Woodley, waliongoza kampeni iliyowatia mamia jela, na Wawaata wakabaki bila kazi waliyoijua. Mwaka 1960 ukaanzishwa mpango wa Galana ili baadhi yao wawinde kihalali, lakini haukudumu mikononi mwao. Huku wao wakizuiwa, wageni waliendelea kununua leseni za kuua ndovu hadi 1973. Anayetaka kufungua uwindaji leo anijibu kwanza: leseni itakuwa ya nani?

Na anayefikiri hasira ya mkulima ikiachwa itapoa yenyewe, avuke bahari kidogo. Unguja palikuwa na chui wake, mdogo kuliko wa bara, na wanakijiji wa kusini na mashariki ya kisiwa walimwogopa kwa sababu mbili: alikula mbuzi na kuku, na iliaminika kuwa chui wengine walifugwa na wachawi ili kuwatisha jirani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 hofu hiyo iliungwa mkono na dola. Mganga aliyejulikana kama Kitanzi aliongoza kampeni ya kuwasaka wachawi na chui pamoja, wasasi wa vijijini wakapangwa, na chui akawa adui wa maendeleo. Kufikia miaka ya 1990 watafiti hawakuweza kumthibitisha hata mmoja aliye hai. Mwaka 2018 kamera ya kipindi cha televisheni cha Marekani ilinasa mnyama aliyedhaniwa kuwa yeye, na mjadala ungalipo. Serikali iliyomsikiliza mkulima kwa kumpa bunduki badala ya pesa ilimaliza chui katika kizazi kimoja.

Kisiwa hicho hicho, lakini, kimetoa pia jibu lingine. Pembeni mwa msitu wa Jozani, kima punju huingia kwenye mashamba na kula majani ya miembe na matunda machanga. Wakulima walilalamika miaka mingi. Hatimaye ikakubaliwa kwamba sehemu ya kiingilio cha wageni igawiwe vijiji jirani, na wamo humo wakulima ambao kima huwatembelea. Kima kuonekana shambani kwako kukawa na thamani. Mgao huo umekuwa na manung'uniko yake, kama kila mgao, ila kima yupo.

Huko Ulaya wamo katika kesi inayofanana na yetu kwa kila kitu isipokuwa mnyama. Mbwa mwitu walirudi kuzaliana Ujerumani mwaka 2000, baada ya kuangamizwa katika karne zilizotangulia, na tangu hapo wafugaji wa kondoo, wawindaji na watu wa mijini hawajaacha kugombana. Septemba 2022 mbwa mwitu alimuua farasi mdogo wa Ursula von der Leyen, rais wa Kamisheni ya Ulaya. Kufikia Machi 2025 ulinzi wa mbwa mwitu chini ya Mkataba wa Bern ulikuwa umeshushwa daraja. Sisemi hili lilizaa lile. Nasema tu kwamba fisi wamekula mbuzi wengi Kinango bila mkataba wowote wa kimataifa kutikisika.

Wenye la kutufunza ni Waswidi. Kaskazini ya nchi yao wanaishi Wasami, wafugaji wa kulungu wa theluji, na kulungu hao huliwa na wanyama wakali wa msituni. Hadi miaka ya 1990 serikali ililipa kwa kila mzoga ulioonekana. Mizoga ikapotea chini ya theluji, ikazuka mabishano nani kamuua nani, na mfugaji hakuwa na sababu ya kutaka mnyama mkali aishi. Mwaka 1996 wakageuza hesabu: jumuiya za Wasami hulipwa kwa idadi ya wanyama wakali wanaozaa au kuishi katika eneo lao, liwalo na liwe kwa kulungu. Anayehesabiwa ni mnyama hai. Mfugaji akilinda mifugo yake vizuri, malipo hayapungui, na hasara aliyoiepuka ni faida yake. Wazee wa Mwaluganje walilijua hili mwaka mmoja kabla. Walichokosa ni hazina yenye kina.

Hazina hiyo ipo, na ipo chini ya ardhi yetu. Chemchemi za Marere zimo ndani ya Shimba Hills. Msitu ule hukinga unyevu wa upepo wa bahari, mchanga wake huuchuja, na maji hutoka safi upande wa pili. Mombasa ilikunywa ya Marere tangu enzi za mkoloni. Miaka ya 1950 likaongezwa bomba la Mzima, la zaidi ya kilomita 200, na Mzima nayo imo ndani ya Tsavo Magharibi. Yapo maji ya Tiwi na ya Baricho pia, sijayasahau. Lakini vyanzo viwili kati ya vyanzo vikuu vya mji huu vimo nyumbani kwa ndovu, na vimebaki kuwa vyanzo kwa sababu ardhi ile haikukatwa viwanja. Taita Taveta wamedai mgao wa Mzima kwa miaka mingi. Mswada wa kugawana manufaa ya maliasili umekuwa ukizunguka Bungeni tangu 2014. Na kiingilio cha Shimba Hills chenyewe hukusanywa na KWS, wakati Narok hukusanya chake cha Mara, japo zote mbili ni hifadhi za aina moja kisheria.

Kwa hiyo napendekeza tozo ndogo kwenye bili ya maji, itengwe kwa wanaoishi kwenye mapito ya ndovu na kandokando ya misitu ya vyanzo. Mahoteli ya Nyali na Diani, viwanda vya Changamwe na majumba yenye mabwawa ya kuogelea walipe kiwango cha juu kwa kila lita. Anayenunua mtungi wa lita 20 kwenye mkokoteni wa maji asiguswe. Huyo tayari hulipa maji ghali kuliko tajiri. Pesa zigawiwe kwa ekari iliyoachwa wazi na kwa kaya iliyo kwenye mpaka, ziende moja kwa moja kwenye simu ya mwenye shamba, na jina lake na kiasi vibandikwe ukutani kwa chifu kila mtu asome. Fidia ya vifo na majeraha ibaki ilivyo, kwani kifo hakina malipo ya kutanguliza.

Najua jibu la kwanza kutoka Mji wa Kale. Mifereji yetu hukaa kavu siku nyingi, tunachota visimani, tunanunua kwa mkokoteni, halafu watuongezee tozo? Malalamiko hayo ni ya haki na sina la kuyapunguza. Lakini mji unaohangaika na maji ndio wenye sababu kubwa kuliko wote ya kumtunza aliyekaa juu ya chemchemi. Mwenye shamba asipoona faida ya msitu, atauza miti kwa mchoma mkaa, na mkaa huo nao utavuka kwa feri.

Jibu la pili ni wizi: pesa zikitangulia zitaliwa na wasiostahili. Huenda. Basi tujifunze kwa Wamaasai wa Mbirikani, chini ya Kilimanjaro, ambao tangu 2003 wana mfuko unaowalipa simba akila ng'ombe, na mfuko huo una masharti makali. Boma bovu hupunguza malipo, na simba akiuawa, jirani pia hukosa, kwa hiyo jirani humchunga jirani. Kwale tuweke yetu: mtego wa waya ukikutwa ndani ya eneo, mgao wa kijiji upungue, nyasi za chini ya ua zikifyekwa, uongezeke. Mizinga ya nyuki nayo ihesabiwe. Kule Sagalla, karibu na Voi, watafiti wamekuwa wakitundika mizinga kuzunguka mashamba kwa zaidi ya miaka kumi, na msimu wa mavuno ndovu wengi hugeuka wakisikia mvumo, ingawa mwaka wa ukame nyuki nao huhama. Ndovu mwenye uzito wa tani tano anakimbia mdudu. Habari hii huwa haichoshi kusimuliwa.

Malipo ya kwanza yanapaswa kufika Machi, kabla mbegu ya masika haijaingia ardhini, ili mwenye shamba aamue mapema ekari ipi alime na ipi aiache. Ili yafike Machi, lazima yawe yameandikwa kwenye bajeti inayosomwa Juni iliyotangulia, na kwa kuwa maji huvuka mpaka wa kaunti, iandikwe Kwale na iandikwe Mombasa. Katiba inalazimisha bajeti hizo zijadiliwe na wananchi kwanza. Mikutano hiyo hutangazwa magazetini, kwa herufi ndogo, kwenye kurasa za nyuma, na viti vyake huwa havijai.